Stata ya pikipiki: pima kwanza ndo ufungue

Wadau, usiku mmoja taa zilinifia nikitoka Bonga kurudi Babati mjini. Nusura ninunue stata mpya, kumbe plagi yake imeungua tu! Kwa hiyo pima kwanza.

Zima injini, chomoa plagi ya stata. Kama ina nyaya tatu za njano, pima omu kati ya waya na waya: ziwe ndogo na zilingane. Waya ukisoma na bodi ya injini, stata imekufa.

Kuibadilisha: chomoa betri, mwaga oili, vua mfuniko taratibu, sumaku inavuta. Stata ikiwa nyuma ya sumaku tumia pula. Nyundo marufuku, utaipasua! Rudishia na gasketi mpya, jaza oili.

Washa, vuta moto: betri isome volti 13.5 hadi 14.5. Haifiki? Kagua rekitifaya.