Gikomba na Alaska: Mto Ukianza Kukula Mtaa, Wasee Huenda Wapi?

Kama umewahi kununua jaketi Gikomba mwezi wa saba, unajua kamera haishuki bei, labda ungoje fagia. Lakini hata kule kwenye baridi ya kweli mambo yamechacha.

Cheki Newtok, kijiji cha Wayupiki huko Alaska. Ardhi iliyokuwa imeganda mwaka mzima ikaanza kuyeyuka, Mto Ninglick ukakula ukingo. Mwaka wa 1994 wakaanza kupanga kuhama. Familia za kwanza zilifika Mertarvik 2019, kilomita kama 14 hivi, zikakuta nyumba ziko tayari. Miaka 25, imagine!

Sasa rudi hapa. Gikomba imekaa kando ya Mto Nairobi. Mafuriko ya 2024 yalipozidi, serikali ikaamuru walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni watoke, na familia zilizobomolewa zikaahidiwa shilingi 10,000. Huku tingatinga ndiyo ilitangulia.

So ukiuza mtumba karibu na maji, unajipanga mwenyewe: bale inapanda juu ya mbao, na wingu likifunga jioni, unatafuta mkokoteni mapema kabla bei ipande.