Mjumbe Hauawi: Kinga ya Mwanamke Mwandishi wa Habari

Wahenga wetu walisema, mjumbe hauawi. Kauli hii ni fupi, lakini ndani yake mna sheria nzima. Katika zama ambazo hapakuwa na simu wala gazeti, habari za vita na za amani, za arusi na za msiba, zilisafiri kwa miguu ya binadamu. Mtawala aliyemwua mjumbe kwa kuchukizwa na ujumbe alijiziba mwenyewe masikio, kwani baada ya hapo hakuna ambaye angethubutu kumpelekea ukweli. Kwa hiyo mjumbe hakulindwa kwa sababu ya kupendwa. Alilindwa kwa kuwa jamii isiyo na mjumbe hutembea gizani.

Mwandishi wa habari ndiye mjumbe wa zama zetu. Insha hii inakusudia kueleza, kwa mifano ya historia, jinsi ambavyo mjumbe huyo anapokuwa mwanamke hukabiliwa na hatari mbili kwa pamoja, yaani hatari ya kazi yake na hatari ya kuwa mwanamke. Na jinsi ambavyo watu wa mataifa mbalimbali wamejaribu kumwekea kinga. Tutaona kwamba kinga hiyo husimama juu ya nguzo tatu: wenzake, sheria, na mila.

Tuanze na wenzake. Ida B. Wells alizaliwa mwaka 1862 katika mji wa Holly Springs, jimbo la Mississippi, nchini Marekani. Wazazi wake walikuwa watumwa, naye alizaliwa katika utumwa huo huo. Utumwa ulipokwisha alisoma, akawa mwalimu, kisha akashika kalamu. Na ilipofika mwaka 1889 alikuwa mmoja wa wenye gazeti la Free Speech katika mji wa Memphis. Tarehe 9 Machi 1892, wanaume watatu weusi waliohusika na duka moja la vyakula mjini humo walitolewa jela usiku na kundi la wazungu, wakauawa kwa risasi. Chanzo cha ugomvi kilikuwa duka hilo kushindana na duka la mzungu jirani. Mmoja wa waliouawa, Thomas Moss, alikuwa rafiki mkubwa wa Wells.

Siku zile ilikuwa desturi kuyahalalisha mauaji ya namna hiyo kwa kudai kwamba waliouawa walikuwa wamewanajisi wanawake wa kizungu. Wells hakuridhika na maneno ya mitaani. Alikusanya majina, tarehe na visa, mara nyingi kutoka katika magazeti ya wazungu wenyewe, akaonyesha kuwa madai hayo aghalabu yalikuwa ya uongo. Mwezi Mei mwaka ule, wakati yeye yuko safarini kaskazini, kundi la watu liliivamia ofisi ya gazeti lake na kuiharibu. Akapelekewa onyo kwamba akirudi Memphis atauawa. Hakurudi kuishi huko tena.

Je, nani aliyemlinda? Hawakuwa polisi wa Memphis, wala haikuwa serikali ya jimbo. T. Thomas Fortune, mhariri wa gazeti la New York Age, alimpa nafasi ya kuandika. Kisha wanawake weusi wa New York na Brooklyn, wakiongozwa na Victoria Earle Matthews na Maritcha Lyons, waliitisha mkutano tarehe 5 Oktoba 1892 katika ukumbi wa Lyric Hall. Walichanga kiasi cha dola 500, wakamtunza na bizimu ya dhahabu yenye umbo la kalamu. Fedha zile zilisaidia kupiga chapa kijitabu chake, Southern Horrors, kilichotoka mwaka huo huo. Msomaji azingatie jambo hili. Wanawake wale hawakuishia kumpa pole. Walimpa gharama ya kusema. Waliomvunjia ofisi walitaka anyamaze, na wenzake wakahakikisha kuwa sauti yake inafika mbali zaidi kuliko ilivyofika mwanzo. Mwaka 1893 na 1894 aliihutubia mikutano nchini Uingereza.

Lakini msaada wa wenzake, hata ukiwa mwema namna gani, hauwezi kumtia mwuaji mbaroni. Hiyo ni kazi ya sheria, na sheria mara nyingi hutembea mwendo wa kinyonga. Wells alifariki mwaka 1931. Sheria ya Marekani nzima inayoyatambua mauaji yale ya makundi kuwa kosa la namna yake ilitiwa saini tarehe 29 Machi 2022, miaka 130 baada ya kuvunjwa kwa ofisi yake.

Mfano wa pili unatoka Colombia, katika Amerika ya Kusini. Tarehe 25 Mei 2000, Jineth Bedoya, mwandishi wa gazeti la El Espectador, alikwenda katika gereza la La Modelo mjini Bogotá kwa ajili ya mahojiano. Alikuwa akichunguza biashara ya silaha iliyopita ndani ya magereza. Alitekwa nyara pale pale mlangoni pa gereza la serikali, akateswa na kunajisiwa na watu wenye silaha, kisha akatupwa kando ya barabara. Alirudi kazini. Mwaka 2009 alilieleza jambo hilo hadharani na kuanzisha kampeni iliyoitwa, kwa lugha yetu, Si Wakati wa Kunyamaza. Tarehe 26 Agosti 2021, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Mataifa ya Amerika ilitoa hukumu kwamba dola ya Colombia ilihusika na yaliyompata, na miongoni mwa amri zake ikaagiza uanzishwe mfuko wa fedha wa kuwakinga na kuwasaidia waandishi wa habari wanawake.

Kisa hiki kinatufunulia silaha ambayo adui wa mwandishi mwanamke huitegemea kuliko bunduki. Silaha hiyo ni aibu. Anayemdhuru mwandishi mwanaume hutaka kumtisha au kumwua. Anayemdhuru mwandishi mwanamke mara nyingi hutaka pia kumvunjia heshima, akitumaini kwamba jirani, ndugu, hata mwajiri, watamwuliza yeye aliyetendewa, wala hawatamwuliza mtenda. Hapo mdhalimu hutenda nusu ya kazi, na jamii ikammalizia nusu iliyosalia. Ndiyo sababu nikasema kwamba nguzo ya tatu ni mila. Hakuna mahakama inayoweza kumrudishia mtu heshima yake iwapo mtaa mzima umeazimia kumnyima.

Yako pia mauaji ambayo dunia haiyasahau. Anna Politkovskaya, aliyeandika katika Novaya Gazeta habari za vita vya Chechnya, aliuawa mjini Moscow tarehe 7 Oktoba 2006 katika jengo alilokuwa akiishi. Mwaka 2014 watu watano walihukumiwa kwa mauaji hayo, lakini aliyeyaagiza hajafikishwa mahakamani. Na mwaka 2023 ikajulikana kuwa mmoja wa waliofungwa amesamehewa baada ya kwenda vitani. Nchini Malta, Daphne Caruana Galizia aliuawa kwa bomu lililotegwa katika gari lake tarehe 16 Oktoba 2017. Alipokufa alikuwa akikabiliwa na kesi za kashfa zaidi ya 40, kwani wapo wanaoitumia mahakama kama nyundo ya kumponda mwandishi. Waandishi wa nchi kadhaa waliungana wakaiendeleza kazi yake, na mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulitunga sheria ya kuzuia kesi za namna hiyo, ambayo wengi huiita kwa jina lake.

Afrika nayo ina msiba wake. Tarehe 2 Novemba 2013, Ghislaine Dupont na mwenzake Claude Verlon, wa Redio Ufaransa ya Kimataifa, walitekwa na kuuawa karibu na mji wa Kidal, kaskazini ya Mali. Dupont alikuwa sauti iliyojulikana sana na wasikilizaji wa Kongo. Mwezi Desemba mwaka huo, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliiteua tarehe 2 Novemba kuwa siku ya kupinga desturi ya kuwaacha bila adhabu wanaowadhuru waandishi. Siku hiyo inahitajika. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2024 ilieleza kwamba katika kila mauaji 100 ya waandishi yaliyotokea tangu mwaka 2006, takribani 85 hayajapatiwa ufumbuzi.

Na sisi je? Wanawake wa Afrika Mashariki hawakungoja kufundishwa maana ya umoja. Mwaka 1983 waandishi wanawake wa Kenya waliunda chama chao, na wenzao wa Uganda wakafanya hivyo mwaka huo huo. Tanzania ikafuata mwaka 1987 kwa kuundwa Chama cha Waandishi wa Habari Wanawake, TAMWA. Jarida la chama hicho lilipewa jina la Sauti ya Siti, kwa kumkumbuka Siti binti Saad wa Unguja. Jina hilo lilichaguliwa kwa busara. Siti, mtoto wa shamba aliyeuza vyungu, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri kwa Kiswahili. Na nyimbo zake ziligusa visa vya mji, pamoja na hukumu zilizowaumiza wanyonge. Kabla ya wengi wetu kuweza kusoma gazeti, mwanamke yule alikuwa gazeti. TAMWA ilikuwa miongoni mwa waliopigania sheria ya mwaka 1998 inayohusu makosa ya kujamiiana. Hapo tunaona nguzo zetu zikishikana: wenzake waliungana, wakaitafuta sheria, na kwa kuandika wakaanza kuigusa mila.

Siku hizi matusi hayahitaji kundi la watu mlangoni. Uchunguzi wa UNESCO na Kituo cha Kimataifa cha Waandishi wa Habari, uliofanywa mwaka 2020, ulionyesha kuwa wanawake 73 katika kila 100 waliojibu walikuwa wameshambuliwa kwa maneno katika intaneti kwa ajili ya kazi yao. Maria Ressa wa Ufilipino, aliyepewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2021 pamoja na Dmitry Muratov, ameeleza mara nyingi jinsi mvua ya matusi ya namna hiyo ilivyomnyeshea. Chombo ni kipya. Aibu inayokusudiwa ni ile ile ya zamani.

Sisi tulio katika utumishi wa umma tuna wajibu wa pekee. Ripoti inayotufichulia upungufu wa ofisi zetu haipendezi kuisoma, lakini mtumishi mwaminifu huipokea kama mwenye nyumba anavyopokea habari ya moshi darini. Akimfukuza aliyeleta habari, moto hautazimika.

Nanyi walimu, lifundisheni somo hili katika vitendo. Yako magazeti ya ukutani katika shule zetu: msichana apewe uhariri, na wala asiachiwe kupamba pembezoni tu. Akiandika jambo lisilowapendeza wenzake, wafundisheni kumjibu kwa hoja na ushahidi, kama Wells alivyofanya kwa majina na tarehe. Anayemjibu kwa kumtukana umbo lake, nguo zake au jamaa zake, asimamishwe na aambiwe kwamba hajajibu kitu. Mwanafunzi aliyezoea adabu hiyo darasani hatakuwa mwepesi wa kuivunja atakapokuwa askari, hakimu, mhariri au waziri. Kwa njia hiyo kauli ya wahenga itarudi kuwa sheria inayotumika, na mjumbe, awe mwanamume au mwanamke, ataufikisha ujumbe wake na kurudi nyumbani salama.