Mkate wa Jana na Lugha ya Jana

Mtu ahamapo huacha nyumba, shamba na makaburi ya wazee wake, lakini ulimi huenda nao. Na ulimi una kazi mbili, kusema na kuonja. Nilikumbuka hayo nilipokuwa nikitafsiri maelezo ya pishi moja la sikukuu za Kiyahudi huko Marekani, nikakwama kwenye jina lake.

Mkate uliolala hukatwa vipande na kukaushwa, ukachanganywa na vitunguu vilivyokaangwa, mayai na supu ya kuku, kisha ukaokwa. Jina lake kwa Kiingereza ni la kitu cha kujazia tumbo la kuku, ingawa mara nyingi huokwa katika chombo chake peke yake. Niliandika "kijazio". Jirani asiye Myahudi hutia siagi; Myahudi ashikaye dini hatii, kwani Torati yakataza nyama na maziwa kukutana. Hutumia mafuta ya kuku, desturi ambayo wazee wake walihama nayo kutoka Ulaya ya Mashariki. Pasaka ikifika, chachu yote hutolewa nyumbani, na mahali pa mkate huwekwa matza isiyochachwa, ukumbusho wa waliotoka Misri kwa haraka. Chakula cha ugenini kikatiishwa chini ya kumbukumbu ya nyumbani.

Ng'ambo yetu, Handeni na Korogwe, nchi ya Wazigua, kuna kisa kinachofanana na hiki. Katika karne ya 19 njaa iliwasukuma Wazigua wengi pwani, wakavushwa hadi Somalia na kutiwa utumwani. Waliotoroka, ambao masimulizi yao humtaja mwanamke Wanakhucha kuwa kiongozi, walishika njia ya kurudi kwao, wakaishia kwenye misitu ya mto Juba, wakalima mahindi. Vita vya Somalia vya 1991 viliwatoa tena wajukuu wao. Baadhi walipokelewa Handeni, kwanza Mkuyu, baadaye Chogo, na wengi wakapewa uraia wa Tanzania. Wengine, kuanzia 2003, walipelekwa Marekani. Waliofika Handeni walisema Kizigua, na wenyeji wakawaelewa, baada ya miaka zaidi ya 150.

Wayahudi walihifadhi kwa sheria na meza. Wazigua wa Juba hawakuwa na kitabu, walihifadhi kwa kusema tu. Sasa wamerudi kwao, na hapo ndipo ninapoona hofu. Utumwa haukuwanyang'anya Kizigua, lakini shule, soko na redio za kwao hunena Kiswahili, lugha hii ninayoipenda na kuiandika. Mkate wa jana hautupwi palipo na mtu wa kuupika upya. Nasi tunaokula kwa Kiswahili tusiwe sababu ya lugha ya jana kutupwa Handeni.