Mzigo wa kumuuguza mbwa nyumbani

MBWA anapopatwa na maradhi mazito, anayemuuguza huelemewa pia. Katika mtaa wa Buruburu, Mashariki mwa Nairobi, wengi huubeba mzigo huo kimyakimya, wakiona haya kukiri kwamba wanakosa usingizi kwa sababu ya mbwa.

Buruburu ilijengwa kwa awamu tano, tangu mapema katika miaka ya 1970 hadi mapema katika miaka ya 1980. Nyumba zake hupakana kuta na huzunguka viwanja vidogo vya pamoja. Mbwa akilia usiku, majirani husikia. Akiwa na maradhi ya kuambukiza, mbwa wao pia wamo hatarini.

Parvo ni mfano mmoja. Ugonjwa huo, uliotambuliwa mnamo 1978, hushambulia hasa watoto wa mbwa wasiochanjwa. Mgonjwa hukataa chakula, hutapika na kuhara damu. Hakuna dawa ya kawaida ya kuua virusi hivyo. Tiba kuu ni kumtundikia maji, kutuliza kutapika na kuzuia maambukizi mengine. Wengi wasiotibiwa hufa, lakini anayevuka siku tatu au nne za kwanza za matibabu huwa na matumaini makubwa. Binadamu haambukizwi, ila huweza kubeba virusi kwa viatu na nguo.

Kazi ya kusafisha, kunywesha dawa na kukesha huchosha. Mnamo 2017, watafiti walioongozwa na Mary Beth Spitznagel wa Chuo Kikuu cha Kent State, Marekani, walichapisha uchunguzi kuhusu wafugaji wa mbwa na paka. Waliokuwa wakiuguza wanyama wenye maradhi sugu au yasiyopona walikuwa na msongo zaidi na dalili zaidi za sonona kuliko wenye wanyama wazima. Kwa hivyo, uchovu huo si upuuzi wala udhaifu.

Hatua ya kwanza ni kumwona daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Chuo Kikuu cha Nairobi kina kitivo cha tiba ya mifugo Upper Kabete, lakini kutoka Buruburu ni lazima kuvuka jiji, na ni nadra utingo wa matatu kumkubali mbwa mgonjwa. Nauli ya gari la kukodi iingizwe katika hesabu mapema.

Daktari aulizwe mambo matatu: ugonjwa ni upi, uwezekano wa kupona ni kiasi gani, na gharama yote itafika wapi. Kisha familia ikubaliane kiwango ambacho haitakivuka, ili karo na kodi ya nyumba zisiguswe. Zamu za kuuguza zigawanywe, asiachiwe mtu mmoja.

Dawa za binadamu zisitumiwe bila idhini ya daktari. Paracetamol huweza kumuua paka, nayo ibuprofen hudhuru tumbo na figo za mbwa.

Kuna mgonjwa asiyefaa kuuguzwa nyumbani kabisa. Mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anayetokwa na mate mengi au kushindwa kumeza, huenda ana kichaa cha mbwa. Asiguswe, na maafisa wa mifugo waarifiwe. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo kupata chanjo, kwa maana dalili zikishajitokeza ni nadra sana mtu kupona.

Uamuzi mgumu zaidi ni wa kukomesha matibabu. Mnamo 2004, daktari Alice Villalobos wa Marekani alitunga kipimo cha mambo saba: maumivu, kula, maji mwilini, usafi, furaha, kutembea, na iwapo siku njema zinazidi mbaya. Siku mbaya zikizidi, daktari huweza kumdunga mnyama sindano ya kumpumzisha bila uchungu. Kufanya hivyo si kumsaliti.

Watoto nao waambiwe ukweli kwa lugha nyepesi: mbwa wao amekufa, hatarudi, na si makosa yao. Wakidanganywa kwamba ametoroka, wataendelea kumngoja langoni.