Watu wa Chumba cha Giza

Mtu akitoka hospitali hurudi nyumbani na majina. Atakutajia daktari aliyempasua, nesi aliyemchoma sindano bila kumwumiza, hata mhudumu aliyemletea uji wa moto asubuhi. Lakini muulize ni nani aliyempiga picha ya eksirei, atakuna kichwa na kusema, "Yule kijana wa eksirei." Basi, jina limeishia hapo. Katika miaka yangu ya kufundisha historia chuoni, kabla sijapewa ukuu wa shule, nilipenda kuwauliza wanachuo ni nani aliyegundua mionzi hiyo. Walijibu kwa sauti moja. Kisha nikawauliza ni nani walioishika kwa mikono yao miaka iliyofuata, darasa likanyamaza. Kimya kile ndicho kilichonifanya nianze kuwatafuta watu hawa vitabuni.

Chanzo chake twakijua sote. Jioni ya tarehe 8 Novemba 1895, katika mji wa Würzburg, Ujerumani, Profesa Wilhelm Conrad Röntgen alikuwa akipitisha umeme katika chupa ya kioo iliyoondolewa hewa. Chupa aliifunika kwa karatasi nyeusi nzito na chumba kilikuwa giza, lakini kipande cha karatasi kilichopakwa dawa, kilichokuwa mbali kidogo, kikaanza kung'aa. Wiki sita baadaye, tarehe 22 Desemba, alimwomba mkewe, Anna Bertha, aweke mkono juu ya sahani ya picha kwa muda kama wa robo saa. Ikatoka mifupa na pete. Mwaka 1901 alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia, ya kwanza kabisa kutolewa, na fedha zake akakiachia chuo kikuu chake. Hakutaka hataza, alitaka watu wote waitumie mionzi yake bure.

Na watu waliitumia, tena kwa pupa. Haikupita hata miezi michache kabla hospitali za Ulaya na Marekani hazijawa na mashine. Mashine za siku zile zilikuwa kigeugeu: leo chupa ina nguvu, kesho imelegea. Fundi aliyetaka kujua kama imekaa sawa hakuwa na kipimo, basi aliweka mkono wake mwenyewe kati ya chupa na kioo kinachong'aa, akatazama mifupa yake. Mifupa ikionekana vizuri, mgonjwa akaitwa. Fundi alifanya hivyo mara nyingi kwa siku, siku zote za kazi. Mgonjwa alipata mionzi mara moja akaenda zake. Fundi alibaki.

Clarence Dally alikuwa mpuliza vioo katika karakana ya Thomas Edison huko New Jersey. Ndiye aliyetengeneza chupa na kuzijaribu. Mkono wa kushoto ulipoanza kuungua na kutoa vidonda visivyopona, akautumia wa kulia. Madaktari wakamkata mmoja, kisha wa pili. Alifariki mwezi Oktoba 1904 akiwa na umri wa miaka 39. Edison, ambaye hakuwa mtu wa kuacha jambo njiani, aliiacha kabisa kazi ya eksirei kwa sababu ya kijana huyu.

Sisi wa Afrika hatukuwa mbali na mkasa huu kama tunavyodhani. Mwezi Septemba 1898, baada ya vita vya Omdurman huko Sudan, Waingereza walileta majeruhi wao katika hospitali ya Abadieh, kando ya mto Nile. Hapo alikuwapo Meja John Battersby na mashine ya eksirei. Umeme haukuwepo, kwa hiyo waliifunga dainamo kwenye baiskeli ya watu wawili, askari wakakanyaga pedali katika joto lile la jangwani ili betri zijae. Vifaa vilivikwa kitambaa kizito kilicholowanishwa maji. Katika majeruhi 21 ambao risasi zao hazikuweza kupatikana kwa njia ya kawaida, picha zilileta jibu kwa 20. Wasudani walioanguka uwanjani siku ile walihesabika kwa maelfu, na baiskeli ile haikukanyagwa kwa ajili yao. Nalitaja hilo kwa kuwa nimeona vitabu vinavyoisifia mashine na kulipita.

Kuna neno la lugha yetu ambalo hunifikirisha kila nikifika hapa. Risasi ni ile inayompata askari, na risasi ni yale madini mazito yanayozuia mionzi. Mpiga picha anavaa aproni ya risasi ili atafute risasi.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Marie Curie, ambaye tayari alikuwa na Nobel mbili, alijifunza kuendesha gari na kusoma habari za mifupa ya mwili wa binadamu. Alipanga magari kama 20 yenye mashine ya eksirei, umeme ukitoka kwenye injini ya gari lenyewe, na vituo vya kudumu vipatavyo 200. Alifundisha wanawake wapatao 150 kuifanya kazi hiyo. Miongoni mwa wasaidizi wake alikuwa bintiye Irène, ambaye alipoanza hakuwa ametimiza hata miaka 20. Mama alifariki mwaka 1934, uboho wake ukiwa umeshindwa kutengeneza damu. Binti alifariki mwaka 1956 kwa saratani ya damu. Hao twawajua. Wale 150 sijui mwalimu hata mmoja anayeweza kuwataja watatu.

Wajerumani angalau walijaribu. Mwaka 1936, katika bustani ya hospitali ya St. Georg mjini Hamburg, lilisimamishwa jiwe la ukumbusho wa waliokufa kwa kazi ya mionzi, wa mataifa yote. Kufikia mwaka 1959 majina yalikuwa 359. Wamo madaktari, mafundi, masista na wauguzi.

Sasa nije nyumbani. Wanachuo wa rika langu tulijua eksirei kabla ya kujua ubao wa darasa, maana hukupokewa chuoni bila picha ya kifua. Tulipanga foleni, mashati mkononi, kidevu juu ya bamba la baridi. "Vuta pumzi. Zuia. Haya, pumua." Nyuma ya mlango kulikuwa na chumba cha giza, taa moja nyekundu, na matangi ya dawa. Filamu ilitumbukizwa katika dawa ya kwanza, ikasuuzwa, ikaingia ya pili, ikasuuzwa tena, ikaanikwa kama nguo. Dawa ile hutaka ubaridi. Kwa joto letu la Januari picha huungua ikawa nyeusi tupu, na mafundi wazuri walijua kuzungushia matangi barafu, au kuja kazini alfajiri.

Mwaka 1994 mke wangu alikohoa kwa miezi miwili. Tulikwenda hospitali, na mpiga picha, bwana wa makamo, akamwambia kwa adabu, "Mama, vua mkufu na kanga, vaa hili gauni." Tulingoja kwenye benchi. Alipotoka chumba cha giza nilimkazia macho nisome uso wake, kama nilivyozoea kusoma nyuso za wanafunzi. Hapakuwa na kitu. "Mwalimu, picha imetoka vizuri," akasema. "Daktari atawaeleza." Mke wangu akashusha pumzi, akidhani kifua chake ndicho kizuri. Picha ndiyo iliyokuwa nzuri. Saa mbili baadaye daktari alitunyoshea kidole kwenye kivuli juu ya pafu la kulia: kifua kikuu. Alitumia dawa miezi minane akapona, na sasa ninapoandika yuko jikoni ananiita.

Miezi mingi baadaye nilikutana na bwana yule sokoni nikamwuliza kwa nini alikaa kimya na alikuwa ameshaona. "Shikamoo mwalimu," akaanza, kisha akacheka. "Mimi naona kivuli. Kivuli hakina jina. Nikikipa jina nikakosea, mama atakufa kwa hofu kabla ya ugonjwa." Akaongeza kwamba katika kila zamu hubeba siri za watu tano au sita, anakwenda nazo nyumbani, anakula nazo. Mimi niliona kimya kile kuwa kikali, na hata leo nusu yangu huona hivyo. Nusu nyingine humkumbuka akila chakula cha jioni.

Kifuani alivaa kijisanduku kidogo chenye kipande cha filamu, cha kupimia mionzi aliyopokea yeye. Leo vipimo vya namna hiyo husimamiwa nchini na Tume ya Nguvu za Atomiki. Dally angekuwa nacho, pengine angezeeka na mikono yake.

Mashine nazo zimebadilika. Mwaka 1956 mhadhiri wa fizikia mjini Cape Town, Allan Cormack, alipewa kazi ya muda katika hospitali ya Groote Schuur, akaanza kuwaza namna ya kuipiga mionzi kutoka pande nyingi na kuikokotoa hesabu yake. Alichapisha makala mbili, 1963 na 1964. Karibu hakuna aliyejali. Mwaka 1971 Godfrey Hounsfield, aliyefikia jambo hilo kwa njia yake, alimpiga mgonjwa wa kwanza picha ya ubongo kwa CT huko London, na mwaka 1979 wote wawili wakagawana Nobel.

Mwaka jana nilipelekwa kupigwa picha ya nyonga. Binti aliyenihudumia alibonyeza kitufe, na mifupa yangu ikatokea kwenye kompyuta kabla sijashuka kitandani. Nilimwuliza chumba cha giza kiko wapi. Alinionyesha mlango: ndani mna mafagio, ndoo na viti vilivyovunjika, na taa nyekundu bado inaning'inia darini. Nikamwomba jina lake, akanitajia, akaniuliza kama kuna tatizo.