Bunduki ya Pili: Mwindaji wa Marekani kati ya Winchester na Remington, 1936–1968

Utangulizi

Katika masomo yetu ya historia, bunduki hutajwa zaidi inapozungumziwa vita, biashara ya misafara au uvamizi wa wakoloni. Ni nadra kuitazama kama bidhaa ya kiwandani ambayo raia wa kawaida aliingia dukani, akailinganisha na nyingine, akahesabu fedha zake na kuamua. Insha hii inamchunguza mnunuzi mmoja wa aina hiyo: Mmarekani wa katikati ya karne ya 20 aliyekuwa tayari na bunduki ya kuanzia, na ambaye sasa alitaka iliyo bora zaidi, tena iliyotengenezwa nchini mwake. Hoja yangu ni kwamba mnunuzi wa bunduki ya pili hakupima kama mnunuzi wa mara ya kwanza. Wa kwanza aliuliza bei. Wa pili aliuliza anapata nini zaidi ya kile alichonacho. Kampuni iliyosahau tofauti hiyo mwaka 1964 ililipa gharama kubwa.

Bunduki ya kuanzia na mipaka yake

Kijana wengi wa mashambani Marekani walianza na bunduki ndogo ya risasi ya .22, ya kuwindia sungura na kuchakuro. Alipofikia umri wa kuwinda kulungu, kijana huyo mara nyingi alipewa au alinunua Winchester Model 94. Bunduki hii ilibuniwa na John Moses Browning na kuanza kuuzwa mwaka 1894. Ni bunduki ya wenzo: mwindaji husukuma chini kipande cha chuma kilicho nyuma ya kifyatuo na kukirudisha, na risasi mpya huingia chumbani. Ilikuwa nyepesi, ya bei nafuu na rahisi kubeba msituni.

Hata hivyo ilikuwa na mipaka miwili. Wa kwanza ulitokana na mahali pa kuwekea risasi. Katika Model 94 risasi hupangwa ndani ya bomba lililo chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine. Risasi yenye ncha kali ingeweza kugonga kitako cha risasi iliyo mbele yake na kuilipua. Kwa hiyo mtumiaji alilazimika kutumia risasi butu, na risasi butu hupoteza kasi upesi hewani. Masafa yake yakawa mafupi. Mpaka wa pili ulihusu darubini. Model 94 ya wakati huo ilitupa maganda kupitia juu, mahali hasa ambapo darubini ingefungwa. Jambo hili halikusumbua wengi mwaka 1894. Lakini kuanzia miaka ya 1930, kampuni ya W. R. Weaver ilianza kuuza darubini ambazo mtu wa kipato cha kawaida aliweza kuzimudu, na mpaka huo ukaanza kuonekana.

Hapa ndipo tamaa ya bunduki ya pili ilipozaliwa. Jibu lilikuwa bunduki ya komeo, ambayo mtumiaji huinua na kuvuta nyuma mkono wa komeo la chuma, kisha husukuma mbele. Asili yake ilikuwa jeshini, hasa katika bunduki za Mauser za Ujerumani na Springfield ya mwaka 1903 ya Marekani. Wanajeshi waliorudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia walikuwa wameizoea.

Winchester Model 70: ahadi ya ufundi

Winchester ya New Haven, jimbo la Connecticut, ilifilisika mwaka 1931 na kununuliwa na kampuni ya risasi ya familia ya Olin. Chini ya wamiliki hao wapya, mwaka 1936 ilitoka Model 70. Sehemu zake kuu zilichongwa kutoka chuma kizima kwa mashine nyingi na mikono ya mafundi wengi. Kitako cha mbao kilichorwa nakshi za kushikia kwa mkono. Komeo lake lilikuwa na ukucha mrefu, kwa mfano wa Mauser, ulioishika risasi tangu ilipotoka kwenye magazini hadi ganda lilipotupwa nje. Faida ya ukucha huo ni kwamba risasi haipotei njia hata mtu akiharakisha au akiishika bunduki vibaya.

Sifa hizo zilienezwa na waandishi. Jack O'Connor, aliyewahi kufundisha uandishi wa habari katika Chuo Kikuu cha Arizona, aliandika kwa miaka mingi katika jarida la Outdoor Life akiisifu Model 70 na risasi ya .270. Wasomaji wake walikuwa hasa watu wa ngazi ya pili: wenye bunduki tayari, wenye kazi ya mshahara baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na wenye gari la kuwafikisha milimani. Kwao Model 70 ilikuwa alama kwamba mtu amehitimu.

Umaarufu huo ulifika pia kwetu. Wakati wa safari ya Theodore Roosevelt ya 1909–1910, iliyoanzia Mombasa na kufika ukingo wa magharibi wa Mto Nile katika eneo la Lado, ambalo sehemu yake leo imo katika West Nile ya Uganda, Winchester aliyoipenda ilikuwa bado ya wenzo, Model 1895. Karibu nusu karne baadaye, mwaka 1956, kampuni hiyo ilitoa Model 70 ya risasi nzito ya .458 kwa ajili ya wanyama wakubwa, na ikaipa jina la "African". Bara letu likawa sehemu ya matangazo ya bidhaa ambayo wanunuzi wake wengi hawangefika Afrika kamwe.

Remington: ahadi ya bei

Remington ya Ilion, New York, ni kongwe kuliko Winchester. Ilianza mwaka 1816. Mwaka 1948 ilitoa Model 721 na 722, zilizobuniwa na kundi la wahandisi akiwemo Merle Walker. Wahandisi hawa walianza na swali la kiwandani: sehemu gani inaweza kutengenezwa kwa hatua chache zaidi? Mwili wa bunduki ulikerezwa kutoka nondo ya duara, kazi ambayo ni rahisi kuliko kuchonga umbo la pembe. Kipande cha kuzuia mshtuko, ambacho katika Model 70 kilikuwa sehemu ya mwili wenyewe, hapa kilikuwa pete iliyobanwa kati ya mwili na mtutu. Kinga ya kifyatuo ilitengenezwa kwa bati lililokandamizwa. Ukucha mrefu uliondolewa. Komeo lilisukuma tu risasi mbele.

Bunduki hizo hazikuvutia macho, lakini zilikuwa rahisi kwa bei na zililenga vizuri mno. Mwaka 1962 Remington ilichukua mwili uleule, ikaupa kitako cha kupendeza zaidi, na kuuita Model 700. Mnunuzi wa Remington alipewa kitu cha bei nafuu kilichozidi kuboreshwa. Mwaka 1966 Jeshi la Wanamaji-nchi la Marekani, lililokuwa likitumia Model 70 za zamani kwa walenga shabaha wake huko Vietnam, lilichagua bunduki iliyotokana na Model 700.

Mwaka 1964

Kati ya 1936 na 1963 Winchester ilikuwa imetengeneza zaidi ya bunduki 580,000 za Model 70. Lakini mishahara ya mafundi ilipanda, na kila hatua ya kuchonga ililipiwa. Ushindani ulitoka pia chini: Savage ilitoa Model 110 ya bei nafuu mwaka 1958, na bunduki za jeshi zilizobaki kutoka vitani ziliingia nchini kwa wingi na kuuzwa kwa njia ya posta. Mwaka huohuo wa 1958 John F. Kennedy, akiwa seneta wa Massachusetts, jimbo lenye viwanda vya bunduki, aliwasilisha mswada wa kuzuia uingizaji huo. Mwaka 1963 aliuawa kwa bunduki ya Kiitalia ya aina hiyohiyo, iliyonunuliwa kwa posta. Biashara hiyo ilikuja kufungwa na sheria ya mwaka 1968.

Katika hali hiyo, mwaka 1964 Winchester iliibadilisha Model 70. Ukucha mrefu uliondolewa. Nakshi za kitako hazikuchorwa tena kwa mkono. Ziligandamizwa kwa mashine. Nafasi kati ya mtutu na mbao ikawa pana kiasi cha kuonekana kama kazi ya haraka. Model 94 nayo iliwekewa vipande vya bati. Wanunuzi walikasirika, na mpaka leo bunduki zilizotengenezwa kabla ya mwaka huo huuzwa kwa bei ya juu zaidi.

Hapa ndipo swali la kihistoria lilipo. Komeo jipya la Winchester lilisukuma risasi mbele kama la Remington. Halikuwa dhaifu, na bunduki haikupoteza shabaha. Kwa nini mbinu ileile iliijenga kampuni moja na kuiaibisha nyingine? Maelezo ya kwamba wawindaji walitamani tu mambo ya kale hayatoshi, kwa sababu wengi wao walihamia Remington, bunduki ya mbinu mpya kabisa. Maelezo bora ni kwamba kila mmoja alipima kwa ahadi aliyopewa. Anayenunua bidhaa ya bei nafuu hukubali bati. Anayejinyima ili apande daraja hulipia zaidi kwa sababu ya tofauti anayoiona na kuishika, na Winchester ilikuwa imeondoa tofauti hiyo na kuacha jina.

Mwaka 1968 unathibitisha hoja hii. William Ruger alitoa Model 77, ambayo mwili wake ulisubiwa kwa kumimina chuma katika kalibu, mbinu ya kupunguza gharama. Lakini aliirudishia umbo la kitako cha zamani, nakshi zilizochorwa na ukucha mrefu. Iliuzwa vizuri.

Kile ambacho mnunuzi hakukiona

Hata hivyo, si haki kumfanya mnunuzi kuwa hakimu asiyekosea. Alikagua mbao, nakshi na komeo. Kifyatuo cha Remington kilichofungwa ndani ya kijumba chake hakikuweza kukaguliwa dukani. Baadaye yalitokea malalamiko mengi na kesi mahakamani kwamba baadhi ya Model 700 zililipuka bila kuvutwa, na baadhi ya familia zilipoteza watoto. Kampuni ilikana kwamba kulikuwa na kasoro ya ubunifu, lakini mwaka 2014 ilikubali mapatano ya kubadilisha vifyatuo. Waliolumbana miaka mingi kuhusu ukucha walikuwa wamebishana juu ya jambo dogo kuliko hilo.

Hitimisho

Winchester ilirudisha ukucha mrefu katika miaka ya 1990, lakini ilikuwa imechelewa. Baada ya mgomo mkubwa wa wafanyakazi, Olin iliuza kiwanda mwaka 1981, na mwaka 2006 milango ya New Haven ilifungwa. Wafanyakazi waliobaki siku hiyo hawakufika 200. Model 70 inatengenezwa hadi leo na wamiliki wengine, lakini mji uliojengwa na jina hilo haupati ajira kutokana nayo.

Sisi tunaosoma historia ya viwanda tumezoea kuanza na mtaji, mashine na sera ya serikali. Vyote vimo katika kisa hiki. Lakini huwezi kueleza mwaka 1964 bila kumweka ndani yake mtu aliyesimama dukani akiwa na bunduki moja nyumbani, akipapasa kitako cha nyingine kwa kidole gumba, na kuuliza kama kweli ni bora kuliko aliyoiacha.