Kaiser wa Mlimani, Kaiser wa Ngomani

Enzi za Wajerumani, Lushoto iliitwa Wilhelmstal, yaani bonde la Wilhelm, Kaiser wao. Lakini ukishuka kutoka Usambara hadi pwani, ungeweza kumkuta Kaiser mwingine: Mswahili mwenye cheo hicho kwenye ngoma ya beni.

Beni, jina lililotokana na bendi za Wazungu, ilianza pwani ya Kenya miaka ya 1890, ikaenea hadi kwetu. Wachezaji walivaa sare, wakapiga gwaride, wakagawana vyeo. Marini na Arinoti, makundi mahasimu, yalishindana kwa mavazi, nyimbo na karamu.

Wapo walioona ni kuiga Wazungu tu. Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975 kuhusu ngoma hizi, alilipinga wazo hilo, nami nipo upande wake. Si kwamba kila mchezaji alikusudia kejeli. Wengine walipenda fahari yenyewe. Ila cheo ambacho mkoloni asingekupa kamwe, ukijipa mwenyewe mbele ya umati, umeshakigeuza vazi. Na vazi huvuliwa.

Mwaka 1916 Waingereza waliiteka Wilhelmstal, na baadaye jina la Kaiser likavuliwa mlimani. Beni iliendelea kuchezwa.